Barua Iliyobandikwa Ukutani

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumatatu moja ya Januari, hita ya nyumba tuliyopanga Highview, Louisville, ilizimika. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Mama yangu, ambaye mapafu yake yaliharibika tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, alijifunika blanketi la tatu akasema, "Mwanangu, hata kambini tulikuwa na kuni."

Kwa siku tatu nilimpigia simu meneja wa nyumba. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Tumekusikia." Siku ya nne nikaandika barua. Nilipanga vipimo vya joto vya asubuhi, mchana na jioni, na mwishoni, nilipoomba wasikilize, nikatumia kitenzi "hearken".

Kiingereza nilijifundisha kambini kwa Biblia ya zamani isiyo na jalada, nikiilinganisha na ya Kiswahili mstari kwa mstari. Kitenzi hicho kimejaa humo. Niliamini ndilo neno la heshima kuliko yote.

Siku mbili baadaye jirani yetu, mama Mkongo, alirudi kutoka ofisini kulipa kodi ya nyumba.

"Bon, papa, barua yako iko ku ukuta kule ofisi. Banaicheka! Banakuita nabii."

"Na hita je?"

"Ya hita hakuna mwenye aliuliza, papa."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kamusi yangu nene ya Kiingereza, niliyoinunua kwa dola moja kwenye mnada wa kanisa huko Columbus, mji wetu wa kwanza tulipotoka kambini. Niliogopa kwamba nimekosea. Sikukosea. Kitenzi hicho kina zaidi ya miaka elfu, kimetoka katika Kiingereza cha kale, na "hark" ni ndugu yake. Maana yake si sauti kuingia sikioni tu, bali kutega sikio na kutenda unaloambiwa. Kwetu hilo si geni: mzazi akilalamika kwamba mwanawe hasikii, hakuna anayedhani mtoto ni kiziwi.

Kwa hiyo walikuwa wamenicheka kwa kuchagua neno sahihi la lugha yao wenyewe, ambalo wao wameacha kulitumia. Ningekuwa nimekosea, ningeona aibu. Nilikuwa sahihi, na mama alikuwa anakohoa.

Siku ya kumi na moja, hita ikiwa bado imezimika, daktari wake alisema mama asilale tena katika nyumba ile. Mchana huohuo nilimpandisha basi kwenda kwa dada yangu, Buffalo. Nani huenda Buffalo mwezi wa Januari kutafuta joto? Kesho yake dada akapiga simu: "Kaka, theluji imefika dirishani, lakini mama amevua sweta. Anauliza kwa nini ulichelewa kumleta."

Nilikuwa nimengoja siku kumi na moja kwa sababu niliambiwa nimesikika.

Nikaenda ofisini kuvunja mkataba. Meneja alinikumbusha kwamba nikiondoka kabla ya muda sitarudishiwa amana niliyoweka tulipopanga. Nikasema sawa. Kisha nikageukia ukuta nikaanza kung'oa pini za barua yangu, moja moja, zote nne.

"Hiyo ni ya ofisi," akasema.

"Iliandikwa ili ofisi itengeneze hita," nikamjibu. "Ya kuchekea, andikeni yenu."

Niliikunja nikaiweka ndani ya kamusi, kwenye ukurasa wa kitenzi chake. Amana ilipotea yote: dola mia tisa na hamsini.