Karani wa Maoni ya Vijana

Karani wa kata hushusha kofia mpaka kwenye nyusi kabla ya kuandika neno, na akishaandika hupuliza wino kama mtu anayepoza chai. Asubuhi hiyo alikuwa akipokea maoni ya wananchi kuhusu sera ya taifa ya vijana, yapelekwe mji mkuu, Kathmandu. Foleni nzima ilikuwa ya wazee, maana vijana wenyewe wako Qatar na Malesia. Bi Dilsari, aliyesimama wa pili, alimsikia akiyavalisha maneno ya watu koti la ofisi. Mzee Harkabir, aliyekuwa wa kwanza, alimwambia karani, "Andika tunataka kazi, hata ya kuponda kokoto, mradi iwe hapa hapa." Karani akapuliza, akamsomea: "Serikali iongeze fursa za ajira vijijini. Ndivyo, baba?" Mzee akajikuna shingo. "Kama ndiyo hiyo hiyo, haya."

Zamu ya Dilsari ikafika. "Umri wa kijana, mama?" "Ishirini na mbili. Yuko Qatar, anajenga maghorofa ya watu." "Maoni?" "Watoto wawili wa majirani zangu wameletwa kutoka huko mwaka huu, wote ndani ya masanduku. Wewe andika, wangu arudi kwa miguu yake." Kalamu ikasimama. Dilsari akalingoja lile koti. Karani akaandika polepole, kisha akasoma kwa sauti ya chini: "Wangu arudi kwa miguu yake. Ndivyo, mama?"

"Ndivyo, mwanangu."

Akapuliza wino. Ulikuwa umeshakauka, naye bado anapuliza.