Mama Shuka, Aliyetoa Nafasi ya Kumi

Alizaliwa mwaka 1949, kitindamimba wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyonukia mbao mbichi. Alibatizwa akiwa na wiki tatu, na shangazi yake alizoea kusema kwamba maji yalipomwagwa kichwani mtoto hakulia, alicheka. Hatutamtafutia miujiza ya utotoni. Aliyoyafanya ukubwani yanatosha. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii. Lakini tuliyoyaona siku alipooshwa kwa mazishi hayajatutoka moyoni, na kuyanyamazia tumeshindwa.

Aliozwa akiwa na miaka kumi na mitano. Mwaka uliofuata alishikwa na uchungu siku nne, huku kila mtu akisema mtoto yuko njiani. Mtoto alitoka amekufa. Kichwa chake kilikuwa kimebana kibofu cha mama siku zote hizo hadi kibofu kikatoboka, na baada ya wiki moja mkojo ukaanza kuvuja wenyewe, mchana kutwa na usiku kucha. Huo ndio ugonjwa wa fistula. Mumewe alivumilia siku kumi na nne, kisha akamrudisha kwao pamoja na godoro lake. Godoro, ndugu zangu! Mtu anamrudisha mke na godoro, kama bidhaa mbovu na kifungashio chake.

Mwaka 1971 alisikia kwamba hospitali ya misheni inapokea daktari mpasuaji anayeziba matundu ya namna hiyo. Daktari alikuja mara mbili kwa mwaka, na kila safari aliweza kupasua wagonjwa kumi tu, ambao majina yao yaliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa wodi. Jina lake lilikuwa la kumi. Alikaa wiki nzima akilitazama, hata akaogopa mtu asilifute kwa bega akipita.

Asubuhi ya upasuaji, yeye akiwa amekwisha kuvaa gauni la kijani, bibi mmoja aliingia akisukuma mkokoteni wenye binti wa miaka kumi na sita, mapaja yamebabuka kwa mkojo.

"Nisaidieni jamani," alisema bibi. "Mjukuu wangu amegoma kula. Anasema anangoja kufa."

"Nafasi zimejaa, bibi," muuguzi alijibu. "Rudini baada ya miezi sita."

Yule wa kumi akainuka kwenye benchi. "Dada, muingize huyu. Mimi nitangoja."

"We mama, una akili timamu kweli?"

"Muingize upesi, kabla sijabadili mawazo."

Binti akaingia, akashonwa, akapona. Lakini katika pilikapilika zile hakuna aliyekumbuka kubadili jina ubaoni, na kitabu cha wodi kikajazwa kutoka ubaoni: wa kumi, amepasuliwa, amekauka, yaani havuji tena.

Ili kungojea zamu yake, aliomba kazi ya kufua shuka za wodi, mahali ambapo harufu yake isingeulizwa. Ndipo wakamwita Mama Shuka. Miezi sita ilipotimia, jina lake halikuwapo ubaoni. Muuguzi mgeni alifungua kitabu, akamwambia, "Mama, wewe umepona tangu mwezi wa tatu." Alikwenda moja kwa moja kwa daktari, na hapo ndipo penye jambo linalotutetemesha. Asubuhi ileile mgonjwa alikuwa amefia mezani, na wanawake thelathini barazani walikuwa wakifunga mizigo yao waondoke. Daktari, aliyempima kabla ya upasuaji na kudhani ndiye aliyemshona, alipomwona alimshika mkono, akamgeuza kwao.

"Muulizeni huyu! Nilimtengeneza mwenyewe."

Macho yote yakamgeukia. Chini ya gauni lake vitambaa vya kuzuia mkojo vilikuwa vimelowa chapachapa.

"Mikono yake ni mizuri," akawaambia wanawake. "Shuka za waliopona nazifua mimi. Zinarudi kavu. Ingieni."

Hakusema uongo hata neno moja, na kwa maneno hayo alijifungia mlango wa matibabu. Wanawake wakafungua mizigo yao. Kwa nini hakumweleza daktari baadaye, faraghani? Tumejiuliza mpaka tumechoka. Tunajua tu kwamba kila safari foleni ilizidi nafasi, na yeye, mfua shuka zao, aliwajua wote.

Alifua miaka thelathini na mitatu. Wauguzi wanakumbuka siku alipogusa shuka ya mgonjwa aliyeshonwa jana yake, akapiga kelele, "Shuka kavu, chupa tupu, mkojo umekwenda wapi?" Mpira wa kupeleka mkojo kwenye chupa ulikuwa umeziba na kibofu kimejaa karibu kupasua mshono. Walizibua, na mgonjwa akapona.

Mwaka 2004 figo zake zilimwangusha, akafariki. Aliyemwosha alikuwa yule binti wa mkokoteni, sasa muuguzi mkuu wa wodi ileile, ambaye siku zote aliamini Mama Shuka alipasuliwa safari iliyofuata. Alipofunua vitambaa, akaona ngozi iliyobabuka miaka na miaka, alipiga yowe lililomleta daktari, sasa mzee wa mvi.

"Haiwezekani," daktari alisema. "Huyu nilimshona mimi. Alikuwa mtu wa kumi."

"Daktari, mtu wa kumi nilikuwa mimi."

Mzee aliketi sakafuni, palepale penye maji.

Anayetaka kumwiga Mama Shuka asianze na kutoa nafasi yake. Aanze na kuuliza, kwa maana yeye hakuna aliyemuuliza. Ndivyo afanyavyo daktari yule. Kabla ya chaki kugusa ubao, huzunguka hospitali nzima na fimbo yake, kwa wafagizi, wafuaji na wapishi, akiuliza kila mwanamke faraghani: "Na wewe je, mama, umekauka?" Mara ya kwanza kuuliza, mpishi aliyekuwa jikoni pale miaka tisa aliangusha upawa na kuanza kulia. Jina lake liliandikwa la kwanza.