Niliandika maji kambini yanatosha, na hadi leo najuta

Wakuu, heshima kwenu nyote. Hili hata mke wangu sijamsimulia, na sina sababu ya kulitia chumvi.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa kijana wa Kasulo, Ngara, nimemaliza form four. Nikapata kibarua kwenye mradi wa maji kambini.

Dizeli ya pampu ikawa ya shida. Bosi akataka kujua: mabomba yakifunguliwa leo na kufungwa kesho, watu wana akiba ya kuwavusha?

Nikapewa fomu, nipite hema kwa hema.

Wakuu, jua lilikuwa kali. Nikapita hema za kando ya barabara tu. Huko walikaa wachuuzi, kila mmoja ana madumu manne, matano, yamejaa. Nikajaza fomu raha mustarehe.

Mwisho wa hema hizo za barabarani nikafika kwa Bibi Veronika, mjane aliyekaa peke yake. (Kihangaza chetu na lugha yake vinakaribiana, tulielewana vizuri.)

"Shikamoo bibi. Maji unayo?"

"Marahaba. Dumu hili hapa, limejaa. Ila ndilo hilo moja tu, mjukuu wangu."

Nikaandika: maji yapo. Hilo la "moja tu" sikuliandika. Fomu haikuwa na nafasi yake, nami sikujisumbua.

Ripoti ikaenda, ratiba ikabadilishwa.

Wiki chache baadaye nikasikia kuna bibi kaanguka mteremkoni akienda kuchota maji ya bondeni, siku ambayo mabomba yamefungwa. Kavunjika nyonga. Nikakimbilia hospitali ya kambi.

Alikuwa yeye.

"Bibi, si ungeomba kwa majirani?"

"Niliomba mara tatu. Mara ya nne nikaona haya."

Nikamweleza nilichofanya, machozi yananitoka. Akasema, "Basi kaandike upya."

Nilikwenda kwa bosi nikakiri. Alinifokea sana, lakini dizeli ileile ikagawanywa, mabomba yakawa yanafunguliwa kila asubuhi kwa saa chache.

Bibi hakutembea tena. Watu walipoanza kurudi kwao, nilimwona akipandishwa kwenye lori, kabebwa na wanaume wawili. Nilitaka nikamuage, lakini kwa aibu sikwenda.

Nilichojifunza: ukitumwa kuuliza kama maji yanatosha, anza na mwenye chombo kimoja, umuulize kesho atakunywa nini.

Kuna aliyefanya kazi za namna hii Ngara au Biharamulo? Hata mkinisuta, semeni tu. Nasoma zote.