Kaburi la Baba

Vita vilipofika mlimani kwetu, sote tulishuka Goma isipokuwa baba. Alisema migomba haiwezi kubaki bila mtu, tena ndani ya migomba ile ndimo walimolala wazazi wake. Kwetu kaburi halina jiwe wala jina. Hupandwa mmea tu, na wakubwa ndio wanaojua ni la nani.

Miaka ikapita, hata asubuhi moja simu ikalia hapa Keshero, mtaa wetu wa Goma. Alikuwa jirani, kijana aliyebaki kule akimpelekea baba maji.

"Dada, pole sana. Muzee ametuacha. Homa tu, na dawa hakuna."

Barabara ilikuwa imefungwa, na mwili usingeweza kungoja. Nilifungua sauti ili mama asikie. Hakulia. Alisogea karibu na simu, akasema baba alitaka kulala kando ya mama yake, na kwamba yeye atawaelekeza wachimba kaburi.

"Simama kwa mulango ya jikoni," alimwambia kijana, akimwelekeza kwenye mparachichi wetu. "Angalia avoka."

"Mama, jikoni iliungua."

"Basi fuata avoka yenyewe."

"Avoka iliisha kukatwa. Maaskari walipikia."

Mama akamtajia ua wa mbuzi. Haukuwepo. Akamtajia jiwe la kusagia mtama. Kijana akasema pale sasa ni majani matupu. Nyuma yake nilisikia majembe, na mtu akisema wafanye haraka kabla milio ya risasi haijaanza tena. Mama alikuwa ameinua mkono, akionyesha upande fulani wa ukuta wetu wa mbao, kana kwamba yule kijana anamwona.

"Mama, tumuzike wapi?"

Alinitazama mimi. Niliondoka kule nikiwa mtoto. Nilijua njia ya kisimani na njia ya kanisa, basi.

"Pale udongo iko laini," mama alisema mwishowe.

Nilitaka kuuliza ni pale wapi, lakini simu ilikatika, na tangu siku ile haijapatikana.

Jioni ile majirani walileta viti vya plastiki na sufuria ya chai, wakauliza kama tunaweka kilio, yaani matanga. Mama aliwajibu kwamba kilio kinawekwa pale mutu amelala. Waliketi hata hivyo. Nami niliendelea kuwamiminia chai.