Kwenye Filamu Hurudishiana

Siku moja siisahau, mwanangu, na jana alasiri mmenirudisha pale pale bila kujua, wewe na ile filamu yenu. Nitakusimulia ya siku hiyo, lakini kwanza niache niseme la filamu, maana bado nina hasira nayo na nikiimeza itanikaa kifuani.

Mlikaa hapo sebuleni, wewe na wenzako, mkaiweka kwenye runinga, yule mtafsiri wa filamu zenu akawa anabwabwaja Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji wenyewe kama kawaida yake. Binti wa tajiri na mfanyakazi wao wa ndani wanagongana kwenye ngazi, wanaanguka, na wakizinduka kila mmoja yumo mwilini mwa mwenzake. Binti wa tajiri hajui hata sufuria inashikwaje. Mfanyakazi anakwenda ofisini kusaini makaratasi asiyoyaelewa. Mkacheka mpaka machozi. Mwisho wanagongana tena kwenye ngazi ile ile, kila mtu anarudi kwake, wanakumbatiana, muziki unapigwa. Nikauliza, "Na zile siku kila mmoja alizomlia mwenzake, nani kazirudisha?" Ukanijibu, "Bibi nawe, si filamu tu."

Ningenyamaza. Nimeshaziona nyingi za namna hiyo, mama na bintiye, bosi na mlinzi, pacha kwa pacha, na zote huishia hapo hapo: wanarudishiana na hakuna aliyepungukiwa na kitu. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi wa kuchekesha. Kisha ukainuka, Mwanaidi, ukaleta bahasha ya kaki ukaniambia, "Hata mie Bibi, kuanzia Jumatatu nabadilika." Ndani mlikuwa na vyeti vya Asha, binamu yako wa Bunju. Ukanieleza bila aibu: Asha alifaulu vizuri kidato cha nne, sasa kaolewa, ana mtoto mchanga, vyeti vimelala kabatini. Wewe hukufaulu, na chuo cha uuguzi kinapokea maombi. Basi utakwenda wewe, kwa jina lake. "Mwenyewe karidhia, wala hana ishu navyo." Ukacheka kicheko kile kile cha kwenye filamu.

Ndipo nikazima runinga. Ukanuna, ukafunga mlango wa chumba chako. Leo kaa hapa unisikilize.

Mimi nilisoma shule ya msingi kule Ukonga, na darasa la saba nilifeli. Nililia siku mbili. Siku ya tatu mjomba wangu akaja akasema ninyamaze, mambo yameshapangwa. Enzi zetu lilikuwa jambo la kawaida, wala watu hawakulionea haya. Mtoto akifeli, alipelekwa shule ya mbali asikojulikana, akaingizwa darasa la saba tena kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule. Jina limo kwenye rejesta, kiti ni kitupu, basi unakikalia. Mjomba akanileta huku Mbagala. Kiti kilikuwa cha msichana aitwaye Zuhura Hamisi. Mwalimu mkuu alinitazama juu mpaka chini, akafungua rejesta, akasema, "Kuanzia leo ukisikia Zuhura, itika."

Nikaitika. Sikuuliza Zuhura mwenyewe yuko wapi. Siku zile mbili nilizolia nilikuwa na maswali mengi, lakini siku hiyo hilo moja halikunijia, na nikilikumbuka najikasirikia kuliko ninavyomkasirikia mjomba.

Mwaka ule nilifaulu. Nikaenda sekondari, nikasomea uuguzi, nikaajiriwa. Mama yangu mzazi aliona tabu mwanzoni, alikuwa anakosea jina mbele za watu na kujifanya anakohoa, halafu na yeye akazoea.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa nesi kijana kwenye kliniki ya watoto, huku huku Temeke. Ilikuwa asubuhi, akina mama wamepanga foleni na vichanga vyao wakisubiri mizani, mimi niko mezani naandika kadi za wapya, kibati cha jina kifuani. Nilikuwa najivunia kibati kile, nilikuwa nakifuta kwa kitambaa kila asubuhi. Akafika mwanamke wa rika langu, mtoto mgongoni. Nikamuuliza jina la mama bila kuinua macho.

"Zuhura Hamisi," akasema.

Wenzake wakacheka. Mmoja akaniambia, "Nesi, leo umempata somo wako."

Yeye hakucheka. Nilipoinua uso nikamkuta anasoma kibati changu. Akaniuliza nilisoma shule gani ya msingi, nikamtajia ile ya Mbagala, kwa sababu ndivyo vyeti vyangu vilivyosema na mimi nilishazoea kusema kama vyeti.

"Mie niliondoka pale kwenda Lindi kumuuguza mama," akasema polepole. "Mwaka na zaidi. Tulipomzika nikarudi na sare yangu, nikaenda kuomba niendelee. Mwalimu mkuu akanambia Zuhura Hamisi keshafaulu, yuko sekondari, sasa mie nani nakuja kujifanya yeye. Akanitoa ofisini mbele ya watoto, kama mwizi."

Hebu fikiria hilo, mwanangu. Mtu aliligawa jina kwa mkono wake mwenyewe, halafu akamfukuza mwenye jina kwa kosa la kulitumia. Mpaka leo nikimkumbuka mzee yule na kalamu yake nataka kuvunja kitu.

Zuhura akaniuliza, "Kwa hiyo wewe unaitwa nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Lilikuwa neno moja tu. Nikaiangalia kadi nikajibu, "Zuhura."

"Haya," akasema. "Basi mwandikie mwanangu kadi, dada. Jina la mama yake unalijua."

Nikaandika. Mtoto akapimwa uzito, akafungwa mgongoni, wakaondoka. Mwezi uliofuata nilimsubiri, na mwezi mwingine tena. Hakurudi. Niliwauliza akina mama wa mtaa aliouandikisha, wakasema kahama. Nimestaafu na jina lake, Mwanaidi, na hata pole sikumpa.

Ndiyo maana filamu zenu zinanikera. Mule ndani wawili wanabadilishana, kila mmoja anapata cha mwenzake. Mimi sikubadilishana na mtu, nilichukua. Zuhura angechukua nini kwangu? Jina lililofeli? Na Asha atachukua nini kwako? Unasema karidhia. Ana miaka ishirini na miwili na mtoto wa kunyonya, hajalala vizuri tangu ajifungue. Wiki hii ukimwomba chochote ataridhia. Mtoto atakua. Siku Asha atakapotaka kusoma ataambiwa Asha keshamaliza chuo, na aliyemaliza ni wewe.

Kwa hiyo nasema wazi, usije ukasema Bibi alizunguka. Rudia mtihani kwa jina lako, kama mtahiniwa wa kujitegemea, hapa hapa kwangu, na kazi za nyumbani nitazifanya mimi. Ukifeli, ufeli wewe. Usikalie kiti cha mtu kabla hujauliza mwenyewe yuko wapi. Na ukiuliza ukaambiwa karidhia, ngoja, umuulize tena akiwa hana shida.

Kesho asubuhi tunakwenda Bunju wote wawili, na bahasha utaibeba wewe umkabidhi Asha mkononi. Mungu akupe akili ya kutulia na kitabu, akupe cheti chenye jina alilokupa baba yako, na siku ukiulizwa mbele za watu unaitwa nani, akujalie ujibu bila kutazama chini. Amina.

Halafu kuna jambo moja. Waliolijua jina langu wote nimeshawazika, hata mama yako hajawahi kulisikia. Naitwa Tatu. Niite hivyo mara moja kabla hatujaondoka, nione kama bado najua kuitika.