Nilitumwa kumshikia baba mkwe nafasi kwenye sherehe ya bia ya Wajerumani hapa Joburg, nikazigawa zote

Wakuu, habari za mchana.

Hii si chai. Mke wangu yumo humu jukwaani na anasoma kila ninachoandika, nikiongeza chumvi ataniumbua mbele yenu.

Mimi ni Mbongo, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Johannesburg. Natengeneza friji na mashine za kufulia pale Malvern, Jules Street. Mke wangu Thandi ni Msauzi, ila kazaliwa Morogoro. Baba yake ni mmoja wa wale waliowakimbia makaburu wakapokelewa kwetu, akaoa huko huko, akarudi na familia mambo yalipotulia.

Kwa hiyo nyumbani kwangu kuna mzee wa Kizulu anayeongea Kiswahili cha Morogoro kuwashinda watoto wangu. Wanangu wanakielewa vizuri tu, ila ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza.

Huyo mzee ndiye mwenye uzi huu.

Anaishi na sisi tangu mama mkwe afariki. Sofa la sebuleni ni lake. Mimi nakaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango. Hakuna aliyenipangia, lakini mnajua wenyewe, baba mkwe hubanani naye bega kwa bega. Na bia nakunywa, tusidanganyane, ila mbele yake sijawahi hata kushika chupa. Miaka tisa ya ndoa tumeishi hivyo, kwa heshima, kwa mbali.

Sasa mzee ameanza kusahau. Kwanza funguo, baadaye njia ya kanisani. Kuna asubuhi alimwita Thandi kwa jina la marehemu mkewe, na chai ikapoa mezani bila mtu kuigusa. Daktari alituambia tujiandae, itaendelea.

Ila kuna hadithi moja haijawahi kumpotea.

Ujana wake alitolewa Morogoro akapelekwa Ujerumani ya Mashariki, ile ya enzi hizo, kusomea umekanika. Jumapili moja akaenda peke yake kwenye sherehe ya bia ya mji mdogo. Meza ndefu, mabenchi marefu, yamejaa. Akasimama na sahani yake mkononi, mtu mweusi peke yake uwanja mzima, na kila benchi alilolikaribia watu walijitanua. Mpaka bibi mmoja akamtazama, akasogea, akapigapiga ubao kwa kiganja.

Akakaa. Hadithi inaishia hapo. Nimeisikia mara nyingi sijui ngapi, na kila mara anaimaliza kwa kulipigapiga sofa.

Oktoba iliyopita alisikia kwenye redio kwamba sherehe kama hiyo inafanyika hapa Joburg. Akaniita.

"Mkwe, nataka nikae tena kwenye lile benchi, kabla sijasahau kwamba niliwahi kukaa."

Wakuu, ombi kama hilo unalijibu nini? Nikasema, "Sawa baba."

Nikamfuata jirani yangu Kasongo, Mkongo, mlinzi, aliyewahi kusimama geti la sherehe hiyo. Akanipa darasa.

"Ndugu, pale hakuna reserve. Begi haishike nafasi, koti haishike, ni matako ndiyo inashika. Na mtu mwenye kusimama hawamuletee kitu, hata maji. Fika mbele ya wengine, kaa, usisimame. Hata wakuite jina, usisimame!"

Tukapanga hivi: mimi nitangulie asubuhi nishike nafasi tatu, Thandi amlete mzee kwa gari saa sita, akishakunywa dawa zake.

Saa nne kamili geti linafunguliwa mimi ni mtu wa tano.

Ndani ya hema nikapata mwisho wa benchi karibu kabisa na jukwaa la muziki. Nikakaa katikati, nikatandaza kitenge cha Thandi kulia na kushoto kwangu. Kasongo alisema nguo haishiki nafasi, lakini nilijua kitenge kina heshima yake.

Naomba nisimame hapa kidogo.

Sijui niwaelezeeje asubuhi ile. Hema lilikuwa jeupe na jua likipita juu yake mwanga ulikuwa unashuka laini, kila mtu anaonekana ametoka kuamka. Nje mijakaranda imechanua zambarau, maua yanaingia na upepo hadi mezani. Wapiga tarumbeta walikuwa wanajaribu ala zao, sauti moja moja, bila haraka. Harufu ya soseji na vitunguu. Nilikuwa nimekaa Joburg lakini nilikuwa sijui niko wapi, na nilijisikia vizuri tu.

Basi watu wakaanza kuingia.

Kabla ya saa tano na nusu mabenchi yalikuwa yanakaribia kujaa. Akaja babu na mkewe, babu anatetemeka mkono. Wakasimama mbele yangu wanaangaza macho. Jamani, mimi nimelelewa Tanga. Mtu mzima akisimama mbele yako nawe umekaa, mwili unajiinua wenyewe, hauombi ruhusa. Nilishtukia nimeinua upande mmoja wa kitenge na shikamoo iko mdomoni.

Wakakaa wote wawili. Nafasi moja kwisha, na nyingine wameimega nusu.

Nikajiambia hamna shida, zimebaki mbili za kubana.

Akaja mama wa makamo akiwa na mzee aliyevaa kofia yenye unyoya. Nikapisha tena upande wa pili, wakabanana. Nacheka sasa, siku ile sikucheka.

Simu ikaita. Thandi.

"Eish, baba watoto, umeme umekatika huku, robot zote, taa za barabarani, zimekufa. Magari hayaendi. Nafasi zipo?"

"Zipo," nikasema. Nilikuwa nimekalia moja.

Nikaapa sisimami tena. Niliishika meza kwa mikono miwili. Hii ni ya mzee, basi.

Saa saba kasoro akaja bibi mmoja wa kizungu, mfupi, miguu imevimba, sahani mkononi. Alikuwa peke yake. Akapita benchi la kwanza, la pili. Kila akikaribia, watu wanajitanua kidogo, si kwa ubaya, ndivyo watu wanavyofanya wakiogopa kupoteza nafasi. Akafika kwetu, akasimama, akaiangalia sahani yake.

Wakuu, niliinamisha kichwa. Nilijifanya nasoma simu. Nikimpisha, mzee wangu anakuja kukosa kitu pekee alichoomba. Nisipompisha, nitamkalisha mzee kwenye benchi lile lile lililomkataa.

Nikasimama.

Nikabaki pembeni, kitenge begani, nikiwaza nitamwambia nini mke wangu.

Wakafika. Mzee kavaa suti yake ya kahawia na tai. Alikuwa anatembea polepole, anatabasamu kwa kila kitu. Thandi akaangalia benchi, akaniangalia mimi.

"Nafasi ziko wapi?"

"Nimewapisha wazee."

"Zote?"

"Zote."

Akafumba macho. Kisha akamshika baba yake mkono.

Yule bibi alikuwa anatuangalia. Akakiona kitenge begani kwangu, akamwona mzee amesimama na suti yake, akaelewa. Akamwambia kitu jirani yake kwa Kijerumani, jirani akamwambia babu wa mkono unaotetemeka, na benchi zima likaanza kusogea, mtu kwa mtu, hadi mwisho. Pakatokea uwazi mdogo.

Mzee akainama na kusema kitu. Kijerumani, wakuu! Mtu ambaye asubuhi ile hakukumbuka kama amekunywa chai! Bibi akacheka akajibu, mzee akakaa, wakaongea. Bendi ikaanza, na mzee akaimba maneno yote. Thandi akapata pa kukaa upande wa pili wa meza, akawa anafuta machozi kwa karatasi iliyokuja na soseji.

Mimi nilikuwa bado nimesimama nyuma yao, nimeridhika.

Mzee akageuka. Akanitazama kwa muda mrefu, nikahofia amenisahau. Halafu akasogea, akapigapiga ubao kwa kiganja.

"Kaa, mwanangu."

Miaka tisa niliitwa mkwe.

Nikakaa, bega langu limebanana na bega la baba mkwe, miguu sijui niiweke wapi. Akanisogezea glasi yake ya bia, lita nzima, na mimi nikanywa, mbele yake. Wazee wa jukwaa nisameheni.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Benchi hujaa pale watu wanapoamua limejaa. Na kama unataka kukaa kwa uhakika, mtume Kasongo, usinitume mimi.

Nipeni na zenu. Nani aliwahi kusogea akupe nafasi kwenye benchi ukiwa mgeni? Wa kusema eti bia dhambi pia mnakaribishwa, nafasi ipo.

Mzee siku hizi Ujerumani imeshampotea. Morogoro inakuja na kuondoka. Jina langu halikumbuki tena, na hiyo siku ya hema hajawahi kuitaja. Lakini nikirudi kutoka kazini nikafungua mlango, ananitazama, anasogea. Sofa lote liko tupu, ila anasogea mpaka ukingoni, anapigapiga kwa kiganja.

Kile kiti cha mbao nimekihamishia jikoni.