Aliyeuliza Mpira Uko Wapi

Tulimzika alasiri, na kesho yake asubuhi akaongea redioni. Msomaji asidhani natania. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yake pale Biryogo, Kigali, wanaume wachache tuliorudi kuifariji familia, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya tangawizi, mara duka la ng'ambo ya kichochoro likafungulia redio kwa ajili ya kipindi cha michezo. Sauti ya marehemu ikatoka pale kwa nguvu zake zote: "Mpira iko wapi, bwana? Niambieni mpira iko wapi!" Kikafuata kicheko cha watu watatu au wanne, kile cha kupiga meza, halafu binti mwenye sauti laini akatuhimiza tubeti leo leo tupate bonasi. Shemeji wa marehemu alikuwa amesimama na kikombe mkononi, akabaki vile vile, hajui akae au aondoke. Ndani, kwa wanawake, kilio kikaanza upya. Mwenye duka, maskini, aliikimbilia redio yake akaizima, akawa anatuomba radhi mmoja mmoja kana kwamba kosa ni lake.

Jina la marehemu sitalitaja, na sidhani kama angependa nilitaje. Wengi wenu mnaijua sauti yake bila kumjua mwenyewe. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mmoja wa wale waliotuletea saruji na ngano kutoka Dar es Salaam tangu barabara zikiwa mashimo matupu, na miaka yote hiyo rafiki yake safarini alikuwa redio. Alinisimulia kwamba alipokuwa akikatiza Tanzania siku ya mechi hakujali kulala njiani, maana watangazaji wa enzi zile walimweka uwanjani akiwa ameshika usukani. Kisha presha ya macho ikamla taratibu. Alianza kwa kuacha kuendesha usiku, akaacha kuendesha kabisa, mwisho akawa haoni hata mkono wake mwenyewe. Malori aliyaacha bila kelele nyingi. Mpira alikataa katakata kuuacha. Alikuwa mtu mkali, mbishi, shabiki wa timu ambayo haijawahi kumpa raha ya kueleweka, na mlangoni alikuwa anakata tiketi kama kila mtu. Ukimwambia aingie bure kwa kuwa haoni, jiandae kutukanwa.

Nilimfahamu jukwaani, pale uwanja wa Nyamirambo. Alikaa kiti cha jirani, kiredio kidogo kimebanwa sikioni, uso umekunjwa. Baada ya muda akanigeukia bila hata salamu.

"Wewe jirani, mpira iko kushoto ama kulia?"

"Kushoto, mzee."

"Karibu na laini ama katikati? Nani iko nayo? Anakimbia ama amesimama?"

Nilijibu nilivyoweza, na majibu yangu yalikuwa mabovu, lakini alitulia. Wakati wa mapumziko akanieleza shida yake kwa namna ambayo sijaisahau. "Mimi nimerudisha trela nyuma kwa mageti ya Dar miaka mingi," alisema. "Nyuma sioni kitu, sha. Nasikia utingo tu. Kata kulia, nyoosha, simama! Sasa utingo akianza kunipigia hadithi ya harusi ya binamu yake, mimi nagonga ukuta. Hawa ba radio ndio utingo wangu. Kila Jumamosi wananigongesha ukuta."

Siku hiyo hiyo nikauona ukuta wenyewe. Timu yake ilipata penalti dakika za mwisho. Uwanja ukanyamaza kimya, na katika kimya kile niliisikia redio yake vizuri: mtangazaji alikuwa anamsalimia mama mkwe wake kule Niboye na kumshukuru kwa chakula cha Jumapili. Hakutaja nani anapiga. Hakusema kipa amesimama wapi. Mara ukapigwa ukelele mkubwa, na mtangazaji akapaza sauti: "Mmeona wenyewe! Jamani, mmeona hiyo?" Marehemu akaruka juu, mikono hewani, anashangilia kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona tena usoni mwake. Alikuwa peke yake. Kipa alikuwa ameudaka, na ukelele ule ulikuwa wa mashabiki wa upande wa pili. Watu waliotuzunguka walimtazama, wengine wakaanza kucheka, na mimi ndiye niliyelazimika kumshika bega nimwambie akae. Alikaa polepole. Aliishusha redio kutoka sikioni, akaielekezea uso kana kwamba mtu yuko ndani yake, akauliza, "Nimeona nini?" Nawauliza na mimi, mabwana wa redio. Mtu aliyewasha redio ameona nini? Angekuwa anaona, angewawasha nyinyi wa nini?

Baadaye ikaja mechi moja iliyochezwa Huye, mbali na jiji. Safari ilimshinda kwa afya, akabaki nyumbani na redio. Mkewe anasema alivumilia kipindi cha kwanza chote akisikiliza ubishi kuhusu kocha atafukuzwa lini, salamu za wasikilizaji, na matangazo juu ya matangazo, huku mechi inachezwa. Kipindi cha pili akapiga simu, akaunganishwa hewani, akauliza swali lake. Mtangazaji akamjibu, "Muzehe, mpira iko kwa kiwanja!" Studio nzima ikaangua kicheko, simu ikakatwa. Wiki iliyofuata swali lake na kicheko chao vikawa kionjo, kile kipande kifupi kinachopigwa kila mara kipindi kinapoanza na kinaporudi kutoka mapumziko. Mwanzoni alifurahi. Alidhani wamelipokea swali, na kwamba wameliweka pale wajikumbushe kazi yao. Madereva wa moto, yaani pikipiki za abiria, walimtambua kwa sauti, wakawa wanampigia honi. Alipokuja kuelewa kwamba yeye ndiye kichekesho, na kwamba mdhamini wa kichekesho hicho ni kampuni ya kubeti, alipiga simu waitoe. Wakaitambua sauti yake kabla hajamaliza salamu, wakacheka tena. Mtu ambaye hajawahi kucheza kamari maishani mwake, anayeswali sala tano, akawa mwita watu kwenye kamari kila asubuhi ya Mungu.

Nimekasirika, na sioni sababu ya kujificha. Fungua redio mjini Kigali saa nne asubuhi, uzunguke stesheni zote. Unabadilisha sauti tu, maneno ni yale yale. Wote wako kwenye michezo saa ile ile, na kwao michezo ni klabu mbili za hapa na klabu nne tano za Ulaya. Saa tatu nzima wanaume wanne wanabishana kama mchezaji fulani alinuna au hakununa alipotolewa. Mabinti wetu wa voliboli wanashinda, matokeo yao yanasomwa haraka haraka kama tangazo la kitambulisho kilichopotea. Baiskeli inakumbukwa wiki ya mashindano makubwa, wiki ikipita imesahauliwa. Voliboli ya kukaa, inayochezwa na watu wenye ulemavu, nimeisikia ikitajwa mara chache mno, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kwa utani. Eti ndivyo wasikilizaji wanavyotaka. Nani aliwauliza? Mbona mmoja alipojitokeza kuwaambia anachotaka mlimgeuza kionjo?

Mpwa wangu anayeendesha basi Melbourne, huko Australia, nilipomlalamikia alinicheka kwanza. Aliniambia huko wana redio za michezo tu, kutwa kucha, na wao pia wanaweza kutafuna habari moja ya mpira wao ule wa kushika kwa mikono mpaka ladha yote iishe, na kubeti kumejaa kila kona. Nikapata faraja ya mgonjwa aliyekuta wagonjwa wenzake. Lakini akaongeza jambo moja lililoniuma: mechi ikianza, anayetangaza anatangaza. Yeye yuko nyuma ya usukani, macho barabarani, na anajua mpira umefika wapi. Ubishi wanauacha nje ya mechi. Tusiambiwe basi kwamba haiwezekani. Hapa kwetu pia wapo wanaoiweza kazi hii, nawajua kwa sauti zao, na hao ndio wanaonitia hasira zaidi, kwa sababu wameona kupiga soga ni rahisi kuliko kutazama, na mshahara ni ule ule.

Nirudi msibani. Mjane yuko eda, na kwa desturi yetu hatoki nyumbani mpaka muda wake uishe. Jirani mwenye duka amehamia stesheni ya dini kwa heshima yake, lakini kichochoro cha Biryogo hakina ukuta wa kuzuia sauti: ipo redio ya mpika chapati, ipo ya fundi wa simu, zipo moto zinazopita. Mwanamke amekaa chumbani na msiba wake, na kila asubuhi mumewe anauliza swali dirishani na watu wanamcheka. Aliniita akaniambia kutoka nyuma ya pazia, "Kaka, mimi siwezi kutoka. Nenda kwa hao watu, uwaambie mume wangu iko kaburini na sauti yake inauza kamari. Waitoe. Sitaki kitu ingine kwao."

Nikaenda. Meneja wa vipindi ni kijana mstaarabu, alinipa kiti na pole nyingi. Alisema hakujua kama mzee amefariki. Alisema kionjo kile kinapendwa sana. Alisema kuna mkataba na mdhamini hadi msimu uishe, ila angeangalia cha kufanya, na ikibidi wangetaja jina la marehemu hewani kama heshima. Nilipoona tunazunguka mbuyu nilimpigia mjane, nikaweka simu mezani kwenye spika, nikamwomba meneja amwite na yule mtangazaji aliyeipokea simu siku ile. Akaja, akavua kofia.

"Mama, pole sana," alisema mtangazaji. "Ilikuwa utani tu, mama. Tulimpenda muzehe."

Kisha mjane akasema, "Asante, mwanangu. Sasa mimi niulize. Ile siku mume wangu aliuliza, mpira ilikuwa wapi?"

Mtangazaji akamwangalia meneja. Meneja akaangalia meza.

"Mama, sikumbuki," kijana akasema.

"Sikuuliza kama unakumbuka leo. Ile saa, ulikuwa unajua?"

Namshukuru kwamba hakudanganya. "Oya, hapana, mama. Nilikuwa nasoma meseji za wasikilizaji. Sikuwa naangalia kiwanja."

"Basi," mjane akasema, "mulimucheka kwa nini?" Hakungoja jibu, akakata. Meneja aliniahidi pale pale kwamba sauti ya marehemu itaondolewa, na nikatoka pale nikiwa karibu kuamini kwamba aibu bado inafanya kazi mjini hapa.

Ahadi wameitimiza. Juzi mjane alinipigia asubuhi mapema. "Kaka, wametoa yeye," akasema. "Wameacha kucheka." Sikumwelewa, nikafungua redio nikasubiri. Ni kweli. Wamekata swali lake, wakabakiza kicheko. Kipindi sasa kinaanza kwa wanaume wanaocheka na kupiga meza, hakuna aliyesema lolote, halafu yule binti anatuhimiza tubeti.

Nimefikiri sana cha kuwaambia watu hawa, nikaona ni kupoteza wino, kwa hiyo naongea na nyinyi mnaosikiliza. Sisi tunaoona tumewazoesha. Mechi inatangazwa ovyo, tunanyamaza kwa kuwa tuna televisheni kwenye baa au video kwenye simu, na aliyebaki gizani tumemwachia adai peke yake mpaka amekufa anadai. Kuna dereva barabarani usiku huu, kuna mlinzi getini, kuna asiyeona Biryogo na kwingine, na wote hao hawana jicho jingine ila la mtangazaji. Mechi ijayo mtangazaji akianza kumsalimia mama mkwe wake mpira ukiwa unachezwa, pigeni simu mmuulize uko wapi. Wakicheka, pigeni tena.